Rula ya Kioo na Mayai ya Tasi

Jumatatu, 5 Agosti 2024

Dokta Hasina, mkuu wetu wa kituo cha utafiti wa samaki, ametuita ofisini mimi na Nasma. Mayai ya tasi yapimwe wiki hii. Slaidi sitini. Tugawane au tushindane, yeye hajali. Atakayetoa majibu mazuri ndiye atakayesimama mbele ya wavuvi wa Tongoni Jumatatu ijayo, na ndiye atakayekabidhiwa chumba cha hadubini. Chumba cha hadubini! Kina kiyoyozi. Kina mlango unaofunga. Mimi Luqmani nina miaka kumi na moja hapa Raskazone nakata nta na kutia rangi, na sehemu yangu mpaka leo ni kona ya meza pembeni ya sinki.

Jambo lenyewe ni hili, niliandike ili nilizoee kulieleza. Wavuvi wa Tongoni wamekubaliana kwamba tasi akikaribia kutaga, dema zote, mitego yao ya kusuka, zinatolewa majini wiki mbili, samaki atage kwa amani. Lini? Hapo ndipo tunapoingia sisi. Samaki anapasuliwa, kifuko cha mayai kinawekwa kwenye nta, kinakatwa vipande vyembamba mno, vinalazwa juu ya vijikioo, ndizo slaidi, vinatiwa rangi, vinapigwa picha chini ya hadubini, na programu ya kompyuta inapima kila yai. Mikroni mia nne kwenda juu (elfu moja ni milimita), limeiva. Chini ya mia mbili, bado sana.

Kukata ni kazi yangu. Naandika bila haya: kutoka hapa mpaka Dar hakuna mkono kama huu. Nasma mwenyewe alisema hivyo mwezi wa Mei, mbele ya watu.

Huyu Nasma ana miezi sita tu kituoni. Binti wa Pangani, mpole, viatu havilii akitembea. Kila asubuhi, kabla hajanywa hata chai, anatoa rula ya kioo. Kwa macho ni slaidi tupu. Katikati pana mstari wa milimita moja uliogawanywa mara mia. Anaiweka chini ya lenzi ya nne, ile inayokuza mara nne, anapiga picha, anavuta mstari kwenye skrini kutoka alama hadi alama, anaiambia programu kwamba urefu huu ni kiasi hiki. Kisha lenzi ya kumi. Kisha ya arobaini. Anaandika kila namba kwenye daftari na tarehe. Kesho yake anaanza upya, kana kwamba lenzi zinaota usiku. Dakika ishirini zinapotea! Lakini lazima niseme, kumtazama akifanya kunatuliza moyo. Nilisimama mlangoni mpaka chai yangu ikapoa.

Jumanne, 6 Agosti

Mpango umekamilika kichwani. Bila rula, Nasma hafanyi kazi. Bila Nasma kufanya kazi, mimi ndiye wa kwenda Tongoni.

Saa saba amekwenda kuswali na kula. Nimeingia. Kwanza nikajitendea haki mwenyewe: nikaweka rula chini ya lenzi ya kumi, nikavuta mstari, nikaiambia programu. Rahisi! Programu ikaniuliza kama kipimo hicho kitumike kwa picha hii tu au kwa picha zote. Swali zuri. Nikajibu zote. Mtu mzima hafanyi jambo moja mara tatu.

Kisha rula nikaifunga kwenye karatasi, nikaitia katika boksi la slaidi za mwaka 2009, boksi nikalisukuma nyuma kabisa ya kabati la kemikali. Hakuna aliyeligusa boksi hilo tangu nilipoliandika.

Mchana Nasma akaitafuta. Akainama chini ya meza mara mbili. Akaniuliza kwa adabu kama nimeiona. Nikamsaidia kutafuta, tena kwa bidii, mpaka nikasogeza friji. Alinishukuru sana kwa kusogeza friji. Usingizi wa alasiri haukunijia vizuri.

Jumatano, 7 Agosti

Balaa dogo. Dokta Hasina amekwenda Morogoro kwenye maonesho ya Nane Nane. Kabla ya kuondoka amefunga kabati la kemikali, maana sikukuu kituo hubaki kitupu. Funguo amekwenda nazo. Anarudi Jumanne. Kwa hiyo rula sasa hata mimi siipati. Haidhuru, mimi nimekwisha kuitumia.

Nilitegemea kumkuta Nasma amekaa mikono mitupu. Nimemkuta anafanya kazi! Nimezunguka nyuma ya kiti chake kama mtu anayetafuta kalamu. Kumbe ana namba zake za Jumatatu kwenye daftari, za lenzi zote tatu. Na kwa kuwa hataki kuziamini hivi hivi, anazihakiki kwa damu. Ndiyo, damu. Kwenye kila kipande cha nyama pana kimshipa, na ndani ya kimshipa pana chembe nyekundu. Chembe nyekundu ya tasi, akanieleza bila kuulizwa, ina urefu wa mikroni kumi, kumi na moja hivi. Ukiipima ikaja kumi, ujue kipimo chako kiko sawa. Ikija na namba ya ajabu, simama.

Mtu ananyang'anywa rula, anaitafuta rula ndani ya samaki! Nimekaa jikoni robo saa nzima nikimsifu kimoyomoyo, mpaka nikakumbuka kwamba ni adui yangu.

Amefika slaidi ya kumi na nne. Anakwenda polepole. Kila yai analipima mara mbili, urefu na upana, na yai ambalo kisu hakikupita katikati yake halipimi kabisa. Kwa mwendo huo hamalizi kabla ya Jumatatu.

Alhamisi, 8 Agosti, Nane Nane

Sikukuu. Kituo kimya. Mlinzi nimemwambia nimesahau miwani. Sina miwani.

Nimefanya kazi kuanzia saa mbili asubuhi mpaka alasiri. Slaidi sitini! Nimetumia lenzi ya arobaini, kwa sababu ya kumi inaonyesha mayai madogo madogo yasiyo na heshima, lakini ya arobaini, mashallah, yai moja linajaa skrini. Waridi pembeni, zambarau katikati, na kiini chenye vidoa vya mviringo. Nilipoona jinsi vipande vyangu vilivyokaa, bila mkunjo, bila mchaniko, nikasema peke yangu kwa sauti: Luqmani, wewe ni fundi. Niliyaangalia mayai yale mpaka macho yakatoa machozi. Huyu samaki tunamkaanga tu, hatujui alivyofumwa ndani.

Na majibu! Wastani mikroni mia nne themanini na mbili. Yameiva, yameiva kabisa! Tasi wanataga wakati wowote.

Sitini kwa siku moja. Nasma atasoma matokeo yangu na atajifunza kitu.

Ijumaa, 9 Agosti

Picha za mkutanoni lazima ziwe na kijimstari cha kipimo pembeni, kile kinachoandikwa mikroni mia. Programu inakiweka yenyewe, lakini sijui kitufe kiko wapi, na siwezi kumuuliza adui. Nikafungua picha moja ya Nasma, nikakikata kijimstari chake, nikakibandika kwenye zangu. Kilikuwa kifupi, hakipendezi. Nikakivuta kidogo kulia. Sasa kinapendeza.

Baada ya swala ya Ijumaa nikafikiri: kwa nini nisubiri Jumatatu? Nikampigia simu Mzee Mwinyijuma, mwenyekiti wa kamati ya wavuvi Tongoni. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa furaha. Nikamwambia majibu tayari, tasi wameiva, dema zitoke kesho. Akauliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia nimepima kwa mashine. Akasema kuna watu kijijini, wakiongozwa na huyo Idarusi anayeutaka uenyekiti wake, wanaosema mambo ya utafiti ni ramli, na kwamba kuwatoa watu baharini ni jambo zito. Lakini kama mimi nimesema, basi yeye atasema.

Nimeguswa. Mzee mzima anasimama juu ya neno langu. Nikanunua bajia nikala kwa heshima yake.

Jumamosi, 10 Agosti

Mzee Mwinyijuma amepiga simu. Dema hamsini na tatu zimetoka, zimeanikwa ufukweni. Idarusi amekataa kutoa zake, kamati ikamzunguka nyumbani mpaka akatoa. Mzee anasema hajawahi kutumia nguvu hiyo tangu achaguliwe.

Nimemwambia amefanya vizuri sana.

Nasma bado anapima. Slaidi ya arobaini na moja. Sijamwambia kuhusu simu. Nimemuuliza tu, kwa njia ya kupita, mayai yake anayaonaje. Akasema madogo. Nimemhurumia. Pengine macho yamemchoka.

Jumapili, 11 Agosti

Nimejizoeza hotuba nyumbani mbele ya kioo cha kabati la nguo. Mke wangu Sabiha amenunua tasi sita, kwa sababu nimemwambia wiki mbili hatutawaona. Amesema hotuba ni nzuri ila nipunguze neno "mimi". Sijaona pa kulipunguzia.

Jumatatu, 12 Agosti

Sitaki kuandika. Naandika.

Tongoni, ofisi ya kijiji, watu zaidi ya sabini. Nasma naye kaja, kaketi nyuma na kompyuta yake mapajani. Amemaliza usiku wa jana slaidi hamsini na nane na hakudai kusema kwanza. Akaniambia nianze mimi, kaka ni mkubwa. Nikaanza. Picha ukutani, kubwa, nzuri, watu wakanong'ona kwa kupendezwa. Nikasema yai hili ni karibu nusu milimita. Nikawaonyesha kijimstari.

Akasimama Bi Shemsa. Ni mama wa makamo anayenunua samaki pale ufukweni na kuwapasua mwenyewe, miaka arobaini sasa. Alikuwa na kapu la tasi wa asubuhi, waliovuliwa kwa mshipi. Akamtoa mmoja, akamfungua kwa kisu hapo hapo juu ya meza ya mtendaji, akainua kifuko cha mayai chembamba kama utambi wa kandili.

"Mwanangu," akasema, "tasi akiwa na mayai ya kiasi hicho, tumbo huniambia kabla ya kisu, na yai lenyewe nalitenga kwa kucha. Hapa mimi naona nini?"

Nikamweleza kwamba macho ya binadamu yana mipaka yake. Akasema yake bado hayajaifikia. Watu wakacheka, wakamcheka nani sikutaka kujua.

Ndipo Nasma akaja mbele, polepole, viatu havilii. Akainama sikioni mwangu akaniomba nirudishe picha ya saba. Pembeni ya yai palikuwa na kimshipa chenye chembe nyekundu. Akaniomba niipime moja. Kwa kipimo changu mwenyewe, kwa mkono wangu mwenyewe, watu wote wakitazama. Nikavuta mstari. Programu ikaandika arobaini na nne.

Nilikumbuka alichonieleza Jumatano: kumi, kumi na moja hivi.

"Kaka Luqmani," akanong'ona, "rula uliiweka chini ya lenzi ipi?"

Ya kumi, nikasema. Na picha? Ya arobaini. Hakunikemea, hakuguna. Akaandika kwa kidole kwenye kiganja chake, mia nne themanini na mbili gawa kwa nne. Mia na ishirini. Mayai mabichi kabisa. Nilikuwa nimewapimia watu wa Tongoni mayai makubwa mara nne kuliko yale aliyoyaumba Mungu.

Nasma akawageukia watu. Akasema kituo kimekosea kipimo. Kituo, si Luqmani! Akasema mayai bado, dema zirudi majini leo hii. Idarusi akacheka kwa sauti, akauliza kama kesho zitatoka tena. Wengine nao wakaanza.

Mzee Mwinyijuma hakucheka wala hakukasirika. Alikuwa amekaa na kofia mkononi. Akanitazama mimi peke yangu.

"Tasi watakapoiva kweli," akasema, "nikiwaambia hawa watoe dema, nani atanisikia?"

Nilitamani ardhi inifungukie. Ni Nasma aliyejibu. Akamwomba Bi Shemsa alete tasi watano kila wiki, awachague yeye mwenyewe. Akaiomba kamati itume watu wawili kila wiki waje Raskazone, wakae mbele ya skrini, waone rula ikiwekwa na yai likipimwa, na Idarusi awe mmoja wao. Siku ya kutoa dema ikifika, watakaoitangaza ni wao waliopima. Idarusi akashindwa pa kukataa, maana kukataa ni kusema anaogopa kuona.

Mzee akauliza nani atakayekata hivyo vipande, kama ni huyu. Nasma akasema ndiye, hapana mwingine anayeweza.

Nimerudi kwenye bodaboda nikimfikiria binti huyu. Alikuwa na majibu sahihi mfukoni. Angeweza kunimaliza kwa sentensi moja. Badala yake akaokoa mkutano, akamwokoa mzee, na akanibakishia mkono wangu wa kukata. Nimempenda kama mdogo wangu wa tumbo moja. Naapa kubadilika.

Jumanne, 13 Agosti

Dokta Hasina karudi, kabati likafunguliwa, Nasma akaenda moja kwa moja nyuma kabisa, kwenye boksi la 2009. Nikamuuliza amejuaje. Akasema vumbi la boksi lilikuwa na alama za vidole vinne, na aliziona kupitia mlango wa kioo wa kabati tangu Jumatano. Siku zote alijua! Hakusema kitu. Dokta alipouliza rula ilipoteaje, Nasma akasema imeonekana, alhamdulillahi, na akaendelea kuifuta.

Chumba cha hadubini kapewa yeye. Sawa kabisa. Ningekuwa mimi Dokta, ningempa na gari.

Alhamisi, 12 Septemba

Sijaandika mwezi mzima. Nilikuwa na kazi, kazi ya kweli. Kila wiki Bi Shemsa ameleta tasi, mimi nimekata, Nasma ameweka rula, na Idarusi amekaa mbele ya skrini na miwani ya kusomea, akipinga kila kitu wiki ya kwanza, akiuliza wiki ya pili, na wiki ya nne akivuta mstari mwenyewe na kumkaripia mwenzake kwa kupima yai lililokatwa kando. Juzi wastani ulifika mia nne thelathini. Aliyeutangaza Tongoni ni Idarusi. Dema zimetoka zote kwa siku moja, bila mtu kuzungukwa nyumbani. Bi Shemsa akapasua mmoja mbele ya watu, mayai yakamwagika mezani. Wanasema Mzee Mwinyijuma alivaa kofia yake na kwenda kuswali, na watu wakamfuata.

Haya yote ni kazi ya Nasma. Sijapata kuona akili ya namna ile ikikaa ndani ya mtu mnyamavu. Nimejifunza mengi kwake. Mimi si yule Luqmani wa Agosti.

Kwa mfano, jana tumefungiwa kamera mpya juu ya hadubini. Nzuri ajabu, picha yake ina nukta maradufu ya ile ya zamani, kila kitu kinatokea kikubwa mara mbili kwenye skrini. Nasma amekwenda Pangani kwenye harusi ya kaka yake, amebandika karatasi mlangoni kwamba mtu asipime chochote mpaka arudi Jumamosi. Huruma yake tu, hataki nichoke. Lakini nilikuwa na maini ya tasi wa juzi, nimeyakata vizuri mno, yakae bure? Safari hii sikufanya upuuzi. Sikutumia kipimo cha lenzi moja kwa zote. Nimefungua daftari la Nasma, nikanakili namba zake za mwezi uliopita, lenzi ya nne, ya kumi na ya arobaini, kila moja mahali pake. Namba za Nasma haziwezi kukosea.

Nikapima. Nikapima tena, kama afanyavyo yeye. Seli za ini zimevimba! Kila moja, kwa samaki wote, ni kubwa mara mbili ya kawaida. Huu ni ugonjwa, tena mkubwa, na aliyeugundua ni mimi. Nilikumbuka chembe za damu, nikazipima nazo, kwa uangalifu mkubwa. Nazo zimevimba mara mbili. Ugonjwa umeingia mpaka damuni!

Mzee Mwinyijuma siku hizi hapokei simu zangu. Kwa hiyo nimempigia Mzee Marhun, mwenyekiti wa wavuvi wa Mkwaja, ambaye hatujawahi kukutana. Nimemwambia watu wasile tasi. Ameshtuka, amenishukuru sana, na amesema anaitisha mkutano leo leo baada ya alasiri.